Kiambatisho kimeshonwa ndani ya barua: kwa nini ukidaunlodi faili nafasi hairudi

Juzi nimeulizwa tena swali ambalo naulizwa mara nyingi sana, na safari hii aliyeuliza ni dada mmoja mwenye steshenari jirani na chuo. Kazi yake kubwa ni kuprinti. Wanafunzi wanamtumia ripoti za field, watu wa maofisini wanatuma CV na barua za kuomba kazi, wenye nyumba wanatuma mikataba ya pango, kamati za harusi zinatuma kadi zenye picha nzito nzito, vyote kwa barua pepe, na sanduku lake likajaa mpaka barua mpya zikawa haziingii, mteja yuko kaunta anasema mbona nimeshatuma, yeye anarifreshi hamna kitu. Akanipigia: "Kaka, mafaili yote nimeshayadaunlodi kwenye laptopu, siku mbili nimekaa nadaunlodi tu, sasa mbona bado inaniambia nafasi imejaa?"

Siku mbili, na bando la hela yake mwenyewe. Hilo liliniuma, maana hakufanya uzembe wowote, alifanya kile ambacho mtu yeyote angekifanya, ukitoa gunia stoo si stoo inapata nafasi? Tatizo ni kwamba barua pepe haitunzi vitu kama stoo, na hakuna anayetueleza hilo siku tunapofunguliwa akaunti, tunapewa paswedi basi. Kwa hiyo acha nieleze taratibu kuanzia chini kabisa, kwa sababu ukishaelewa faili linakaaje ndani ya barua, haya mengine yanayowachanganya watu, kwa nini nafasi hairudi, kwa nini linki inakufa, kwa nini Gmail inakugomea, unaweza kuyajibu mwenyewe.

Tuanze na maneno. Kiambatisho, au atachimenti kama tunavyosema mtaani, ni faili lolote linalosafiri pamoja na barua, iwe PDF, picha, dokumenti ya Word, sauti. Seva ni kompyuta ya kampuni inayokupokelea na kukutunzia barua hata kama simu yako imezimwa. Programu ya barua pepe ni ile unayoiweka kwenye kompyuta yako ili usomee barua humo, mfano Thunderbird, Outlook au ile Mail ya kwenye Mac, na hiyo ni tofauti na kufungua Gmail kwenye brauza, tofauti ambayo itatuhusu sana huko mbele.

Alafu kuna vitendo vitatu ambavyo watu wanavichukulia kama ni kimoja, na hapo ndo matatizo yanapoanzia. Kusevu kiambatisho ni kutoa kopi, orijino inabaki ndani ya barua palepale ilipokuwa. Kutenganisha, ambako kwenye Thunderbird kitufe chake kimeandikwa Detach, ni kulitoa faili likakae kwenye folda ya kompyuta yako, na barua ibaki bila faili ila na alama ya kuonyesha limehamia wapi. Kufuta kiambatisho, ambako kitufe chake ni Delete unachokipata ukiraitikliki jina la faili, ni kulitupa faili kabisa ukabaki na maneno ya barua tu. Yule dada alisevu. Kwa hiyo baada ya siku mbili alikuwa na mafaili yale yale sehemu mbili, kwenye laptopu na kwenye seva, na kwenye seva hakikupungua hata kimoja.

Sasa faili linakaaje ndani ya barua? Wengi tuna picha kichwani ya barua upande huu na kifurushi upande ule, na ile alama ya klipu ya karatasi ndo inatufundisha hivyo, kwamba ukitoa klipu vinaachana. Haviachani. Kiambatisho kimeshonwa ndani ya barua kama mfuko ulivyoshonwa kwenye kanzu, ukitaka mfuko utoke lazima fundi afumue na ashone upya, na kanzu utakayorudishiwa sio ile ile kabisa.

Imekuwa hivi kwa sababu ya historia. Barua pepe ya kwanza kwenda kompyuta moja hadi nyingine kwa mtandao aliituma Ray Tomlinson kule Marekani mwaka 1971, na kwa miaka mingi baada ya hapo mfumo ulijengwa kubeba maandishi tu, herufi za Kiingereza, tarakimu na alama chache. Picha haipiti, sauti haipiti. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed wakatoa utaratibu unaoitwa MIME, ambao mpaka leo ndo unaobeba viambatisho tunavyotumiana, na tarehe 11 Machi mwaka huo Borenstein alituma barua iliyokuwa na picha na sauti ya kikundi chake cha kuimba. Ujanja wao ulikuwa kuligeuza faili liwe maandishi, ili lipite njia ileile ya zamani bila kumlazimisha mtu yeyote duniani abadilishe seva yake. Mi naona ni kazi nzuri sana ile, ndo maana imedumu.

Ila ina gharama yake. Fikiria mafuta ya kula, huwezi kuyamwaga kwenye buti la basi la mkoani, lazima uyatie kwenye madumu, na dumu lenyewe lina uzito wake unaohesabiwa kwenye mzigo. Kugeuza faili kuwa maandishi kunaitwa Base64, kila baiti 3 za faili zinaandikwa kwa herufi 4, na juu ya hapo kuna alama za kukata mistari, kwa hiyo faili la MB 10 likishatiwa kwenye barua linakaribia MB 14. Ndo maana seva ya kazini inakwambia mwisho MB 20, wewe una faili la MB 16, na bado linagoma, watu wanasema mtandao mbovu leo, wanatuma tena na tena mpaka bando linakata, kumbe faili likishavaa madumu yake linafika karibu MB 22.

Ukitaka kuona kwa macho yako, fungua barua yenye PDF kwenye Thunderbird, shika Ctrl bonyeza U. Utaona maneno ya barua, alafu mstari wa mpaka wenye herufi na tarakimu za ajabu, alafu jina la faili, alafu kinaanza kitu kama JVBERi0 na kinaendelea kurasa kwa kurasa za herufi zisizosomeka mpaka uchoke kushuka. Hiyo JVBERi0 ndo mwanzo wa PDF ikishageuzwa, picha za JPEG zenyewe zinaanza na /9j/. Hilo ndo faili lako, lote zima, limeandikwa kama maneno ndani ya barua, na ile mistari ya mpaka ndo mshono.

Ukishaliona hivyo, kusevu unakuelewa mara moja. Programu inasoma yale maandishi, inayarudisha kuwa PDF, inaweka kwenye folda yako, na maandishi yenyewe hayajaguswa. Umepiga fotokopi, cheti kimebaki pale pale kwenye jalada. Na kinyume chake ni hivyo hivyo, kuna watu wanaogopa kwamba wakifuta barua basi na lile faili walilosevu litapotea, hapana, fotokopi ikishatoka ni yako na haijui tena ilitoka kwenye barua gani. Wengine wanaogopa kwamba wakifuta kiambatisho kwao kitapotea na kwa aliyetuma, na hapo pia hapana, yeye ana barua yake kwenye Sent ya kwake, hamchangii barua moja. (Linki ya Google Drive, ile stoo ya mafaili ya Google mtandaoni, ni kitu kingine. Faili la Drive linakaa sehemu moja, kinachokuja kwenye barua ni anwani tu, kwa hiyo mwenye faili akilifuta limefutika kwa wote, na kwenye sanduku lako hakuna kitu cha kutenganisha.)

Kutenganisha ndo kazi ya fundi. Kwenye Thunderbird viambatisho vinajipanga chini ya barua, unaraitikliki faili moja unachagua Detach, au unabonyeza kimshale cha pembeni ya Save All ukitaka yote, inakuuliza folda ya kuyaweka, inayasevu, alafu inakuonya kwamba sasa yataondolewa kwenye barua na hakuna kurudisha. Ukikubali, programu inaandika barua upya tangu mwanzo, inaweka maneno yote, mtumaji, tarehe, kichwa cha habari, ila pale palipokuwa na kurasa za herufi inaweka kijisehemu kidogo kinachosema faili hili lilikuwa hapa, sasa lipo kwenye folda fulani. Kesho ukifungua barua unaona jina la faili kama kawaida, ukibonyeza linafunguka kutoka kwenye folda ile. Outlook ile ya zamani ya kwenye kompyuta (classic) ina Remove Attachment, na Mail ya Mac ina Remove Attachments kwenye menyu ya Message, ila hizo zinaondoa tu, hazikusevii kwanza, kwa hiyo huko usiguse kabla hujasevu na kulifungua faili ukahakikisha ni zima. Kwenye simu, programu nyingi zinakuruhusu kufungua na kusevu basi, kazi hii ni ya kompyuta.

Sasa hapa ndo hata watu wanaojua kompyuta wanakwama. Umetenganisha mafaili mazito kumi, unaenda kuangalia diski, nafasi iko vile vile, na wakati mwingine imepungua kidogo. Watu wanasema Thunderbird ina bagi, yaani kasoro. Haina.

Unaijua kauntabuku ya dukani, lile daftari kubwa la jalada gumu, mauzo yanaandikwa moja baada ya lingine mpaka linajaa. Thunderbird kwa kawaida inatunza kila folda yako ya barua kama kauntabuku moja, yaani Inbox nzima ni faili moja refu kwenye diski, barua zimefuatana. Ukitenganisha kiambatisho, haiwezi kuchana ukurasa wa katikati, kwa hiyo inaandika barua mpya iliyopunguzwa mwisho wa daftari, alafu ile ya zamani inaipigia mstari kwamba hii haihesabiki. Wewe kwenye skrini unaona mpya tu. Lakini daftari unene wake ni ule ule, na umeongezea na ukurasa. Hata barua unazofuta siku zote zinakaa hivyo hivyo, zimepigwa mstari.

Kinachorudisha nafasi ni Compact. Unaraitikliki folda, unachagua Compact, na programu inachukua kauntabuku mpya, inanakili kurasa ambazo hazijapigwa mstari tu, alafu lile la zamani inalitupa. Hapo ndo unaona diski imepumua. Thunderbird yenyewe ikiona uchafu umekuwa mwingi inafanya hiyo kazi au inakuuliza, lakini kama umetoka kutenganisha vitu vingi usisubiri. Kuna jambo moja hapa: kwa kuwa daftari jipya linaandikwa kabla la zamani halijatupwa, inahitaji nafasi ya kuandikia, kwa hiyo ukingoja mpaka diski ijae kabisa Compact inaweza kugoma, na hapo ndo utajikuta unahamisha muvi kwenye flashi usiku wa manane ili upate pa kupumulia. Fanya mapema. Outlook hiyo ya zamani nayo kwa mafaili yake ya PST, ambayo ndo kauntabuku zake za kwenye diski, ina kitufe cha Compact Now kwa sababu hiyo hiyo.

Hiyo yote ni diski ya kompyuta yako. Nafasi ya kwenye seva ni hadithi nyingine, na inategemea unachukua barua kwa njia gani. Kuna POP, ambayo ni kama kwenda posta na kuchukua barua ukaja nazo nyumbani, na kuna IMAP, ambayo barua inakaa posta na wewe unaiangalia kupitia dirishani, ukiwa na simu na laptopu wote mnaangalia barua ile ile. Siku hizi wengi tupo kwenye IMAP bila hata kujua. Kama upo kwenye POP na ulichagua barua zibaki pia kwenye seva, kutenganisha kwenye laptopu hakugusi kabisa kilichobaki huko, unatenganisha cha nyumbani tu.

Kwenye IMAP kuna sheria moja: barua ikishakaa kwenye seva haihaririwi. Kwa hiyo programu inashusha barua nzima kwako, inaifumua, inapandisha ile mpya isiyo na faili, alafu inaiambia seva ile ya zamani ifutwe. Mtandao ukikata katikati unaweza kujikuta na barua mbili, ya zamani na mpya, au hujui ipi ni ipi, ndo maana kazi hii siwezi kumshauri mtu aifanye kwa bando linalosuasua ndani ya daladala. Na ukimaliza fanya Compact huku pia, kwa sababu kwenye IMAP ndo inayoiambia seva ziondolewe kweli zile zilizopigwa mstari.

Gmail inahitaji maelezo ya peke yake kwa sababu ndo tunayoitumia wengi. Kwanza, Gmail kwenye brauza haina kitufe cha kuondoa kiambatisho na kubakiza barua, usipoteze muda kukitafuta. Ni barua nzima au basi. Pili, ukitumia Thunderbird na akaunti ya Gmail, kutenganisha kunafanyika, ila Gmail haina folda kama tunavyozijua, ina barua moja yenye lebo, na programu ikisema futa ya zamani, Gmail inaweza kuelewa kama toa lebo ya Inbox tu, ile barua nzito ikabaki All Mail, yaani pale Gmail inapoonyesha barua zote, inakula nafasi. Kwa hiyo ukishatenganisha ingia All Mail kwa brauza uitafute, na kama ipo ifute pale, alafu uende kwenye Trash umwage, maana vilivyomo Trash vinakaa siku 30 na muda wote huo vinahesabiwa.

Tatu, na hili naliomba ulichukulie kwa uzito kabla hujagusa barua hata moja: zile GB 15 za bure sio za Gmail peke yake, zinagawanywa na Drive na Google Photos, na tangu mwaka 2024 bakapu ya WhatsApp kwenye simu za Android nayo imeanza kuhesabiwa humo. Nimeona watu wanafuta barua za kuitwa kazini, risiti za ada za watoto, mawasiliano ya kesi, kwa hofu ya ujumbe wa nafasi kujaa, na ukiangalia, barua zote kwa pamoja hazifiki hata GB 2, kilichojaza ni video za magrupu ya WhatsApp. Fungua kwanza ukurasa wa storage wa akaunti yako uone nani anakula nini. Kama sio Gmail, haya yote ya kutenganisha hayatakusaidia.

Kama ni Gmail kweli, andika kwenye kisanduku cha kutafutia has:attachment larger:10M na itakuletea barua zote zenye viambatisho zilizozidi MB 10. Ongeza older_than:2y ukitaka za zaidi ya miaka 2. Utashangaa kwamba tatizo lako ni barua arobaini hamsini tu na sio zile elfu tano ulizokuwa unaziogopa. Na usisahau Sent. Watu wanasafisha Inbox mpaka inang'aa, kumbe kila faili walilopokea na kuliforwadi lipo mara mbili, moja limeingia, moja limetoka. Ukireplai kiambatisho hakiendi, ukiforwadi kinaenda, na kila kilichokwenda kina kopi kwenye Sent yako. Hata zile logo za kampuni chini ya sahihi za watu ni viambatisho, mazungumzo ya majibu ishirini yanaweza kubeba logo ile ile mara ishirini, moja moja ni ndogo ila kwa sanduku la ofisi la miaka kumi zinajumlika.

Kwa mtu wa Gmail asiye na Thunderbird anayetaka maneno yabaki na faili liondoke, kuna njia ya mkato ninayoitumia: sevu faili, alafu replai ile barua ila sehemu ya mpokeaji weka anwani yako mwenyewe. Kwa kuwa replai haibebi viambatisho, utapata barua nyepesi yenye maneno yote ya mwanzo, jina la mtumaji na tarehe yake, alafu ile nzito unaifuta. Inatosha kwa kumbukumbu za kawaida. Kwa barua muhimu zaidi ya hapo haitoshi, na sababu yake ndo hii ifuatayo.

Nilisema kanzu ikishafumuliwa sio ile ile. Barua nyingi siku hizi zinakuja na sahihi ya kidijitali ambayo seva ya mtumaji inaipiga juu ya maneno na viambatisho vyote kwa pamoja, kama muhuri uliopigwa nusu kwenye bahasha nusu kwenye karatasi. Ukiondoa kiambatisho, muhuri haulingani tena. Wewe hujafoji kitu, lakini akija mtu kukagua ataona barua imeguswa baada ya kufika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi, na kwenye kuzipima inaangalia zilitunzwaje na kama hazikuchezewa. Kwa hiyo barua za tenda, mikataba, mawasiliano na mwajiri mnayezozana naye, oda za wateja wanaodaiwa, hizo usitenganishe. Zisevu nzima kama faili la .eml kwenye diski ya nje, na zikibaki hata kwenye seva mi sioni hasara.

Kuna ya linki pia, na hii iliniuma mwenyewe. Kile kijisehemu kinachobaki kwenye barua kimeandikwa njia kamili ya folda, kwamba faili lipo diski hii, folda hii, jina hili. Programu haiji kuliangalia tena. Miaka kadhaa iliyopita nilitenganisha viambatisho vya mwaka mzima nikaviweka kwenye flashi, nikifikiri naokoa nafasi ya laptopu, na kwa kweli nafasi niliipata. Baadaye flashi ikaharibika. Barua zote zipo mpaka leo, majina ya mafaili yanaonekana, ukibonyeza hakuna kitu, na kwenye seva havipo kwa sababu mwenyewe ndo niliagiza vitolewe. Humo kulikuwa na skani za nyaraka za marehemu baba ambazo aliyenitumia naye hakuwa nazo tena. Kwa hiyo folda unayotenganishia iwe ya kudumu, ndani ya kompyuta yenyewe, usiibadilishe jina wala kuihamisha, na iwe na bakapu sehemu nyingine. Usitenganishie Downloads, ile ndo folda ya kwanza watu wanasafisha. Na gawa kwa mwaka au kwa mteja, maana nusu ya mafaili yanayokuja kwetu yanaitwa CV.pdf na scan0001.pdf, ukiyarundika pamoja yatakuchanganya au moja litakalia lingine.

Na kwa wanaodhani kutenganisha ni kusafisha virusi: ni kinyume. Likiwa ndani ya barua lile faili ni maandishi tu yamelala, ukilitenganisha umelirudisha kuwa faili kamili lililokaa kwenye diski yako linasubiri kubonyezwa. Kiambatisho usichokielewa kinafutwa pamoja na barua yake.

Kwa yule dada, tulipokaa chini, jibu halikuwa hata kutenganisha. Mafaili yale sio yake. Ni CV za watu, vyeti, kopi za vitambulisho vya NIDA vyenye namba na sura, mikataba yenye saini, na mengine yana miaka mitatu tangu yaprintiwe. Akishaprinti na mteja akalipa hana sababu ya kuendelea nayo, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika nchini, kukaa na taarifa za watu kuliko unavyozihitaji sio jambo la kuchukulia kirahisi. Kwa hiyo kwake kilichofaa ni kufuta barua zenyewe, na zile kopi alizokesha kudaunlodi akazifuta pia. Tulichotenganisha ni kidogo, barua za wasambazaji wake wa karatasi na wino, ambazo anahitaji maneno na bei zilizomo lakini zimebeba katalogi za picha.

Tulianza na barua moja, tukafanya Compact, tukazima programu, tukaiwasha, tukafungua faili kutoka ndani ya barua. Likafunguka. Tukaenda kumi. Namba ya nafasi kwenye akaunti haishuki papo hapo, usiogope ukiona imeganda, inaweza kuchukua muda kabla haijajihesabu upya. Na Trash hatukuimwaga siku ile. Tulikubaliana akae nayo kwanza siku mbili tatu, afungue zile barua moja moja akiwa na kazi zake za kawaida, akiona kila faili linafunguka ndo amwage.